Siku nne kwa gari: ngome, miji ya masoko na milima ya kaskazini mwa Wales

Simu itakwambia mzunguko huu ni mwendo wa saa saba tu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mara ya kwanza mimi na mke wangu tuliondoka Birmingham alfajiri tukitaka tuumalize kwa siku moja. Tulifika Harlech lango la ngome limeshafungwa, watoto wanalia njaa, na milima yote tulikuwa tumeipita mbio bila kuiona. Mwaka uliofuata mama alikuja kututembelea kutoka Tanga. Tukairudia njia ile ile kwa siku nne, na mpaka leo bado anawasimulia majirani. Mwongozo huu umetokana na safari hiyo ya pili na nyingine kadhaa tulizofanya baadaye.

Njia yenyewe ni duara la maili 250 hivi, karibu kilomita 400. Linaanzia Shrewsbury, mji wa Uingereza ulio karibu na mpaka wa Wales, na linapita Chirk, Llangollen, Ruthin, Denbigh, Betws-y-Coed, Conwy, Caernarfon, Llanberis, Beddgelert, Harlech, Dolgellau, Machynlleth na Welshpool, kisha linarudi Shrewsbury. Kwa siku unaendesha wastani wa maili 60, na usizidishe sana hapo. Muda unaobaki ni wa kushuka garini.

Panga kwa kufuata siku za soko

Miji hii ilikua kwa sababu ya magulio, kama ilivyo miji mingi ya kwetu, na hadi leo kila mji una siku yake. Ukifika siku nyingine unakuta barabara kuu yenye maduka machache na watu wawili watatu. Soko la Machynlleth ni Jumatano, na limekuwa Jumatano tangu mji upewe kibali cha soko mwaka 1291. Jumba la soko la Shrewsbury huchangamka Jumamosi. Mnada wa kondoo wa Welshpool, mmoja wa mikubwa zaidi Ulaya, ni Jumatatu.

Ratiba ninayoipendekeza ni hii: fika Shrewsbury Jumamosi, ondoka Jumapili asubuhi, uwe Machynlleth Jumatano. Faida ya pili ni kwamba usiku wako wote wa barabarani unaangukia kati ya Jumapili na Jumanne, wakati vyumba vina nafasi zaidi na bei kwa kawaida ni nafuu kuliko Ijumaa na Jumamosi. Mnada wa Welshpool utaukosa. Ukitaka kuuona, geuza duara uanzie Welshpool Jumatatu asubuhi, ulale Machynlleth Jumanne, uamkie sokoni.

Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Agosti milima inavaa zambarau ya maua ya porini na inapendeza sana, lakini shule zimefungwa na maegesho yanajaa kabla ya saa tatu asubuhi. Desemba usiende kwa ajili ya kutazama mandhari: jua linazama saa kumi jioni. Juni linazama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo hata ukichelewa bado unaona njia.

Gari, leseni na bima

Mgeni kutoka Tanzania, Kenya au Uganda anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwao kwa muda usiozidi miezi 12. Ukiwa umehamia Uingereza, miezi hiyo ikiisha lazima uchukue leseni ya mwanafunzi na ufanye mtihani upya, kwa maana leseni za nchi zetu hazimo katika orodha ya zile zinazobadilishwa moja kwa moja. Wapo ndugu zetu waliojisahau hapa, na bima yao ikawa haina thamani siku walipoihitaji.

Kodi gari dogo. Yaris, yaani Vitz tuliyoizoea, inatosha watu wanne na mabegi mawili, nayo inapita penye njia ya upana wa gari moja. Gari kubwa litakutesa. Kama umezoea otomatiki, sema mapema, maana magari mengi ya kukodi huku bado ni ya gia. Uliza pia kama wanataka kadi ya mkopo kwa ajili ya dhamana, kwani kadi ya kawaida mara nyingine hukataliwa ukiwa umeshasimama kaunta na familia nzima. Kabla ya kuondoka piga video gari lote, rimu zote nne na kioo cha mbele. Sisi tuliwahi kudaiwa mkwaruzo wa rimu uliokuwepo kabla yetu, na kilichotuokoa ni video.

Mtoto aliye chini ya miaka 12 na chini ya sentimita 135 lazima akae kwenye kiti chake maalumu. Ukishika simu mkononi huku unaendesha, faini ni pauni 200 na pointi sita kwenye leseni.

Barabara zenyewe

Jambo la kushukuru ni kwamba tunaendesha upande ule ule, kushoto. Kwenye kipilefti unampisha anayetoka kulia, kama nyumbani, isipokuwa huku kila mtu anaifuata sheria hiyo kweli.

Tangu Septemba 2023, barabara nyingi za makazi nchini Wales zina kikomo cha maili 20 kwa saa. Utahisi unatambaa. Tambaa, kwa sababu kamera zipo. Nje ya mji ukiona kibao cha duara jeupe chenye mstari mweusi wa mshazari, kikomo kwa gari dogo kwenye barabara isiyogawanywa katikati ni maili 60, lakini huo ni ukomo, si amri. Kwenye kona za milimani 35 inatosha kabisa.

Chini kwenye lami utakuta limeandikwa neno ARAF kwa herufi kubwa. Maana yake ni polepole. Mama alilipenda mno, na kila tulipolipita alilisoma kwa sauti.

Kwenye njia nyembamba kuna sehemu zilizotanuliwa kwa ajili ya kupishana. Ikiwa iko kushoto kwako, ingia umpishe mwenzako. Ikiwa iko kulia, simama usawa wake umwache yeye aingie. Mliokutana katikati, aliye karibu na nafasi ndiye anayerudi nyuma, na mkipishana mnainuliana mkono. Usiegeshe hapo hata dakika moja ya kupiga picha. Kondoo wanalala kando ya lami, na mwanakondoo akiwa upande mmoja na mama yake upande wa pili, jua kwamba atavuka mbele yako.

Kwenye mteremko mrefu, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Waliozoea barabara ya Mombo kwenda Lushoto hawahitaji kufundishwa hili.

Kwenye kituo cha mafuta hakuna mhudumu wa kukujazia. Unajaza mwenyewe, halafu unaingia ndani kulipa ukitaja namba ya pampu. Bomba la petroli ni la kijani, la dizeli ni jeusi, na ukikosea usiwashe injini. Jaza tangi Llangollen au Ruthin, kwa sababu nyanda za juu baada ya Denbigh hazina kitu. Pakua ramani kwenye simu mapema, mabondeni mtandao unakata. Na simu ikikuelekeza kwenye kichochoro eti kinaokoa dakika tatu, ipuuze. Fuata barabara zenye namba za herufi A.

Kuyasoma majina

Waingereza wengi wanayaogopa majina ya Wales. Sisi tuna nafuu kubwa, kwa sababu karibu sauti zake zote tunazo. *Dd* ni dh ya dhahabu. *Ch* ni kh ya kheri. *Th* ni ya thelathini. *F* moja inasomwa v, na *ff* mbili ndiyo f. *W* mara nyingi ni u, kwa hiyo *cwm*, yaani bonde la mlimani, husomwa kum. Inayobaki ngumu ni *ll*: weka ulimi kama unataka kutamka l, kisha pumua nje pembeni bila sauti. Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote Wales, ni "ar widhva". Ukilitamka hivyo dukani, muuzaji atakutazama mara mbili kisha atatabasamu.

*Llan* ni mahali pa kanisa, *aber* ni mlango wa mto, *bwlch* ni pito la mlimani, *caer* ni ngome. *Croeso* ni karibu, *diolch* ni asante. *Ar gau* mlangoni maana yake pamefungwa.

Lugha hii nusura izimwe. Katika karne ya 19, shule nyingi zilimvalisha mtoto shingoni kibao chenye herufi W.N. akikamatwa anasema Kiwelisi. Aliyekuwa nacho alikipitisha kwa mwenzake aliyeteleza, na wa mwisho kubaki nacho jioni alichapwa. Msomaji uliyesoma Kenya na ukavalishwa kibao kwa kusema lugha ya mama, unaijua hadithi hii bila kuhadithiwa. Caernarfon leo watoto wanagombana na kubembelezana kwa Kiwelisi barabarani, na kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kufika.

Jumapili: Shrewsbury hadi Denbigh, maili 55 hivi

Toka Shrewsbury kwa barabara A5 kuelekea kaskazini. Barabara hii ni kazi ya mhandisi Thomas Telford, aliyeijenga upya mwanzoni mwa karne ya 19 ili magari ya farasi ya posta yatoke London hadi bandari ya Holyhead, na utamkuta Telford kila mahali katika safari hii.

Kituo cha kwanza ni kasri la Chirk, lililokamilika karibu mwaka 1310 na likaendelea kukaliwa na watu kwa karne zote zilizofuata. Liko chini ya shirika la National Trust, kama Powis utakayoiona Jumatano. Kwa wakazi wa Uingereza, uanachama wa mwaka wa familia unaweza kufaa kama mtatembelea maeneo yake mengine mengi pia. Piga hesabu yako kwanza.

Mbele kidogo pinda kuelekea Trevor uone Pontcysyllte. Hili ni daraja linalobeba mfereji wa maji, lenye urefu wa mita 307, mita 38 juu ya mto Dee. Telford na William Jessop walilimaliza mwaka 1805, na UNESCO wakaliorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2009. Mashua zinaelea angani ndani ya hori la chuma. Kando yake kuna njia ya miguu yenye uzio upande mmoja; upande wa pili, kwenye mashua, hakuna uzio wowote. Kuvuka kwa miguu ni bure. Shika mikono ya watoto, na mwenye kizunguzungu cha kimo abaki bondeni, atapata picha nzuri zaidi.

Kula Llangollen, mji mdogo wa mawe kando ya mto unaonguruma. Karibu kila mwaka tangu 1947, siku hizi mwezi Julai, waimbaji na wachezaji wa ngoma wa mataifa mbalimbali hukutana hapa, na wiki hiyo usitegemee kupata chumba. Kisha panda barabara A542, inayojikunja kama kwato ya farasi hadi mita 417 juu ya bahari. Juu kuna maegesho, na upepo utakunyang'anya mtandio. Baada ya hapo unateremkia Ruthin kwa A525. Septemba 1400 Owain Glyndŵr aliushambulia mji huu akianzisha vita vya mwisho vikubwa vya Wawelisi kudai nchi yao. Mkumbuke, utakutana naye tena.

Lala Denbigh. Mji una ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1282 juu ya kilima, na magofu yake yanapendeza jioni. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili hapa kuna jambo jingine. Mwaka 1841, katika kijumba karibu na ngome hiyo, alizaliwa mtoto wa nje ya ndoa aliyeitwa John Rowlands. Alilelewa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph, jirani tu, akatorokea Marekani, akabadili jina. Huyo ndiye Henry Morton Stanley, aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, na baadaye akamfanyia kazi Mfalme Leopold kuitwaa Kongo.

Sanamu yake iko katikati ya mji, amenyoosha mkono wa kusalimia, iliwekwa mwaka 2011. Mwaka 2021 wakazi walipiga kura kama iondolewe, na wengi wakataka ibaki. Mimi nilisimama mbele yake nikawawaza wapagazi na askari wa Unguja na Bagamoyo waliomvusha bara zima kati ya 1874 na 1877. Wengi wao walifia njiani, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya msafara. Hapo pana sanamu ya mtu mmoja. Ukiwa na watoto waliozaliwa Ulaya, wasimamishe hapo dakika kumi uwasimulie upande wa pili, kwa sababu shuleni huenda wasiusikie.

Jumatatu: Denbigh hadi Caernarfon, maili 65

Shika A543 kuvuka nyanda za Hiraethog. Ni maili 16 za uwazi: nyasi, maji, mawingu, karibu hakuna nyumba. Ukungu ukiwa mzito, washa taa, punguza mwendo, wala usisimame barabarani. Unatokea Pentrefoelas, unaingia tena A5 hadi Betws-y-Coed, ambako unavuka daraja la chuma la Telford lenye maandishi kwamba lilijengwa mwaka ule ule wa vita vya Waterloo, yaani 1815. Betws ni mahali pa chai na viatu vya kupandia milima. Saa moja inatosha. Rudi ng'ambo ya daraja ushike A470 kaskazini, kupitia Llanrwst, hadi Conwy.

Conwy ipe nusu siku. Uliposikia neno ngome utotoni ukajenga picha kichwani, picha ile ni hii: minara minane mikubwa juu ya mwamba, maji chini yake, na ukuta wa kilomita 1.3 unaouzunguka mji wa zamani. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliijenga kati ya 1283 na 1287, baada ya mtawala wa mwisho wa Wales huru, Llywelyn ap Gruffudd, kuuawa Desemba 1282. Fundi mkuu alikuwa James wa St George, aliyetoka Savoy. Ndani ya kuta waliwekwa walowezi wa Kiingereza. Wawelisi walibaki nje.

Mtu wa Mombasa ataielewa Conwy mara moja, kwani Fort Jesus nayo ilijengwa na mgeni kwa hesabu ile ile: kaa juu ya maji, vyakula na askari waje kwa meli, bunduki au mishale ielekee mjini pia.

Fanya hivi: kwanza panda juu ya ukuta wa mji, ambao hauna kiingilio, uone ngome kwa mbali. Ndipo uingie ngomeni. Ngazi za minarani ni nyembamba na zinazunguka, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu abaki uani, si haba. Conwy, Caernarfon na Harlech zote ziko chini ya idara ya Cadw, nayo ina tiketi ya pamoja ya siku kadhaa. Uliza bei yake kwenye lango la kwanza kabla ya kununua tiketi moja moja. Ngome hizi tatu na ile ya Beaumaris ziliorodheshwa pamoja na UNESCO mwaka 1986.

Kutoka hapo A55 inakupeleka kando ya bahari kwa kasi. Caernarfon ngome yake ina minara yenye pembe na mistari ya mawe ya rangi, na ndipo alipozaliwa Edward wa Pili mwaka 1284, na ndipo Charles, mfalme wa sasa, alipovishwa taji la Prince of Wales, yaani mrithi wa kiti cha ufalme, Julai 1969. Ukifika jioni, itazame kutoka ng'ambo ya mto Seiont jua likiipiga. Ndani utaingia asubuhi.

Jumanne: milimani, kisha baharini, maili 60

Hii ndiyo siku yenyewe. Maliza ngome ya Caernarfon mapema, kabla ya saa tano uwe njiani. A4086 inakufikisha Llanberis, chini ya mlima uliochongwa ngazi kwa ngazi na wachimba mawe ya kuezekea. Machimbo ya Dinorwic yalifungwa mwaka 1969, na mandhari hiyo nayo ni urithi wa dunia tangu 2021. Kando ya ziwa kuna mnara wa Dolbadarn, ambao haukujengwa na Edward bali na watawala wa Wales wenyewe. Ni mdogo na watalii wengi wanaupita. Simama.

Yr Wyddfa ina mita 1,085. Kuna treni ya kupanda mlima inayoanzia Llanberis, inayofanya kazi tangu 1896. Kata tiketi siku nyingi kabla, na ujue upepo ukizidi haifiki kileleni. Kupanda kwa miguu ni siku nzima, kwa hiyo kama unataka, ongeza usiku mmoja, vaa viatu vya kweli na koti la mvua. Usiupande kwa sandali kwa sababu umeona ni mfupi kuliko Kilimanjaro. Huku watu wanaokolewa na hata kufa kila mwaka, wengine kwa sababu ya baridi na ukungu tu.

Barabara inapanda hadi Pen-y-Pass katikati ya miamba iliyokaribiana kiasi cha kukufanya unyamaze. Maegesho ya juu lazima uyalipie mtandaoni kabla ya kufika katika miezi ya watalii. Usijaribu kujibanza kando ya barabara. Ukishuka upande wa pili, kwenye makutano kuna hoteli ya Pen-y-Gwryd, ambako timu iliyopanda Everest mwaka 1953 ilifanyia mazoezi. Pinda kulia kwa A498. Baada ya muda mfupi kuna maegesho ya kutazamia bonde la Nant Gwynant, na ikiwa ni mahali pamoja tu pa kusimama siku hii, pawe hapo.

Beddgelert wanaonyesha kaburi la mbwa. Wanasimulia kwamba mtawala Llywelyn Mkuu, babu wa yule aliyeuawa 1282, alirudi kutoka kuwinda, akakuta susu ya mwanawe imepinduka na mbwa wake Gelert ana damu mdomoni. Akamchoma upanga. Kisha akasikia mtoto analia, mzima, kando ya maiti ya mbwa mwitu. Wanahistoria wanasema jina la kijiji huenda linatokana na mtakatifu wa kale, na kwamba hadithi ilipaliliwa na mwenye nyumba ya wageni mwishoni mwa karne ya 18. Mama alisikiliza yote hayo, akasema tu, "Hasira hasara," akaenda kuliona kaburi.

Pitia Porthmadog na Penrhyndeudraeth ushike A496 hadi Harlech. Ngome ya Harlech iko juu ya jabali la karibu mita 60. Bahari ilikuwa ikifika chini yake, na ngazi 108 zilishuka hadi majini. Leo maji yamerudi mbali na kuacha mchanga. Owain Glyndŵr aliiteka mwaka 1404 akaifanya makao yake, akapokonywa mwaka 1409. Kupanda kutoka barabara ya chini hadi mjini, fuata vibao vya kawaida vya magari. Kuna kichochoro cha mteremko mkali kupindukia ambacho simu inaweza kukitaja, nacho si cha mgeni. Angalia saa ya kufungwa kabla hujaondoka Beddgelert, usije ukayapata yaliyotupata sisi.

Mwisho wa siku ni kando ya bahari hadi Barmouth, halafu mlango wa mto Mawddach kulia kwako mpaka Dolgellau. Lala hapo, chini ya mlima Cader Idris wa mita 893. Mji una vichochoro vya upande mmoja, kwa hiyo egesha kwenye uwanja mkubwa kando ya mto utembee.

Jumatano: sokoni, kisha nyumbani, maili 70

Ondoka saa mbili asubuhi kwa A470, kisha ushike A487. Barabara inashuka kati ya kuta za mlima kuelekea ziwa la Tal-y-llyn, kona zake ni za kuheshimu. Machynlleth meza za soko zinapangwa kandokando ya barabara kuu: mboga, jibini, nguo, mitumba, vitabu, mikate. Nunua *bara brith*, mkate wa zabibu kavu unaoliwa na siagi na chai, na hiyo inaelewana na chai ya rangi yenye tangawizi vizuri ajabu. Bei haipatanwi sana, lakini ukinunua vitu vitatu na kuuliza kwa adabu, mara nyingine utapunguziwa. Beba noti na sarafu.

Kwenye barabara hiyo hiyo ndipo Glyndŵr alipoitisha bunge lake mwaka 1404, mbele ya wajumbe wa kigeni. Nyumba ya mawe ya makumbusho yake iko hapo.

Kuhusu chakula kwa jumla: nyama halali ni vigumu kuipata milimani. Tulibeba kuku wa kuokwa na chapati kutoka Birmingham kwenye boksi la barafu, tukaongezea mayai, samaki na supu za mboga. Ukinunua samaki na viazi, uliza mafuta wanayokaangia, kwa maana wengine hutumia mafuta ya ng'ombe. Beba mkeka wa kuswalia na dumu la maji, nafasi hazikosekani.

Kutoka Machynlleth fuata A489, kisha A470 hadi Mallwyd, na A458 hadi Welshpool. Kasri la Powis, la mawe mekundu, lina bustani za ngazi na ua wa miti iliyokatwa ukawa kama mawingu. Ndani kuna mkusanyiko wa vitu vilivyoletwa kutoka India na ukoo wa Clive, watawala wa Kiingereza huko, likiwemo hema la Tipu Sultan wa Mysore aliyeuawa mwaka 1799. Kitambaa chake cha maua bado kimehifadhi rangi. Jipe saa mbili, moja ya ndani na moja ya bustani, na uanze na ndani kwa sababu vyumba hufungwa mapema kuliko bustani.

Shrewsbury ni maili 19 kutoka hapo. Jaza mafuta kabla ya kurudisha gari, weka risiti, na piga video ya rimu tena.